Masaa Matatu Kutoka Kinshasa

Baba alihesabu umbali kwa usingizi. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliendesha malori ya kahawa na maharagwe kati ya Butembo na Kisangani, na katika kazi ile kilomita hazikuwa na maana. Kilomita moja ya matope, mbele ya Mambasa, iliweza kula siku nne. Kwa hiyo madereva walisema: Beni, hakuna kulala. Komanda, kulala mara moja. Kisangani wakati wa jua, kulala mara tano; wakati wa mvua, usiulize. Mama naye alipika kwa kipimo hicho hicho. Lori likizidisha idadi ya kulala iliyohesabiwa, alianza kwenda kwa wake wa madereva wengine kuuliza habari.

Nyumbani mimi peke yangu ndiye niliyejifunza kipimo kingine. Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka ule vita vya pili vilipoanza, na mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa Kasai aliyeletwa kwetu na serikali, alipoamua kurudi kwao aliniachia atlasi yake. Haikuwa na jalada, na ukurasa wa Asia ulikuwa umeliwa na mende. Ukurasa wa nchi yetu ulikuwa mzima. Niliutazama kuliko nilivyotazama kitabu chochote, maana tangu utoto nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuwa mahali pengine.

Ninayoyasimulia yalitokea mwaka wa pili tangu nchi ikatwe. Kinshasa ilikuwa upande wake, sisi tulikuwa upande mwingine, chini ya watu wenye bunduki ambao jina la chama chao lilibadilika kabla hatujalizoea. Barua hazikupita. Kaka yangu mkubwa alikuwa kule Kinshasa, alikoenda kusoma kabla ya vita na kubaki akifundisha hesabu katika shule ya masista. Hatukuwa tumemwona kwa miaka mitano.

Mwaka huo tumbo la baba lilijaa maji. Hospitalini waliyatoa mara mbili, yakarudi mara mbili. Mara ya tatu daktari alimwita mama pembeni akamwambia amrudishe nyumbani, ampikie anachotaka.

Sisi Wanande, jina la kwanza la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Ukiitwa barabarani, hata mgeni anajua kama uko wa kwanza au wa tano. Jina langu linasema wa pili. Katika ukoo wetu hilo si jambo la kuitana tu. Baba anapoona siku zake zimekwisha, watoto wanakusanyika, wa kwanza anakaa karibu na kichwa chake, na mzee anasema maneno yake. Anasema shamba linaanzia wapi na kuishia wapi. Anasema nani alipewa mahali pa kulima na nani aliazimwa tu. Anasema mjane atakaa wapi. Yanasemwa mara moja, kwa mdomo wake, mbele ya wa kwanza. Hayatumwi kama salamu.

Na shamba lilikuwepo: kilima kizima upande wa Lubero, alichoachiwa na babu, chenye chemchemi katikati. Karatasi haikuwepo. Mipaka ilikuwa kichwani mwa baba, na upande mmoja kichwani mwa jirani aliyekuwa akilima chini ya chemchemi tangu mimi sijazaliwa.

Tulimtafuta kaka kwa foni, ile redio ya mawimbi mafupi ambayo wafanyabiashara walitumia kuulizana bei. Mwenye foni alikuwa kijana mcheshi, lakini siku hiyo alifunga mlango kwanza.

“Jina ya ule muji usiseme,” aliniambia. “Sema ‘kule chini’. Basoda bale ba bunduki banasikilizaka. Watasema tunaongea na adui.”

“Adui ni yaya yangu,” nilisema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa.

“Basi sema yaya, lakini sema mbio.”

Ilichukua siku tano maneno yetu kuruka kutoka foni hadi foni, na jibu lilirudi fupi: Nimesikia. Naacha kazi leo. Natafuta ndege. Papa aningoje.

Nilimsomea baba jibu hilo asubuhi. Alikuwa ameegemea mito miwili, miguu imevimba, macho yake mazima kabisa. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa ameketi kwenye gunia la viazi karibu na mlango akijikuna goti.

“Anakuya,” baba alisema. Kisha akanigeukia. “Kutoka kule mpaka hapa, ni kulala ngapi?”

“Kwa ndege hawalali, Papa.”

“Njia gani ile, mutu halale?”

Nilileta atlasi. Nililaza rula kutoka Kinshasa hadi Beni, mbele yake, juu ya blanketi. Sentimita kumi na sita na nusu. Nilizidisha kwa kipimo cha ramani kilichoandikwa pembeni, nikapata kilomita elfu moja mia sita na hamsini. Nikagawa kwa mwendo wa ndege kubwa nilioukumbuka kutoka darasani. Jibu lilitoka masaa mawili na kitu. Niliongeza kidogo kwa ajili ya kupaa na kutua, kama mtu mwenye busara.

“Masaa matatu,” nilisema.

Mjomba alicheka mpaka gunia likalia. “Masaa tatu! Hata mbuzi ya Lubero hapana fika soko kwa masaa tatu. Mutoto, ile rula yako inajua vita?”

“Mwache,” baba alisema. “Huyu amesoma.”

Alirudia mara mbili, masaa tatu, masaa tatu, akinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Alikuwa mtu aliyezikwa kwenye matope hadi magoti kwa miaka thelathini, na sasa mwanawe amemwambia kwamba nchi nzima inavukwa kabla maharagwe hayajaiva. Nilijisikia vizuri sana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mimi niliulizwa umbali, nikajibu umbali. Yeye alikuwa anauliza kitu kingine. Alikuwa anauliza kama ana muda.

Kuanzia siku hiyo alisikiliza hewa. Uwanja wa Rughenda haukuwa mbali na nyumba yetu, na wakati ule ndege ndogo zilishuka pale karibu kila siku, zikileta sabuni, vitambaa na mapipa ya mafuta, zikiondoka na mizigo ambayo hatukuulizia. Mara nyingi ukungu ulifunika mji hadi saa nne, na ndege zilizunguka juu zikingoja. Baba aliposikia mngurumo alinyanyua mkono.

“Kimbia uone.”

Nilikimbia. Nilisimama kwenye majani pembeni ya njia ya ndege, pamoja na akina mama waliouza ndizi za kuchoma kwa wapakuzi. Walinizoea haraka. “Yule wa yaya amefika,” walisema wakiniona. “Leo tena hayumo? Nunua ndizi basi, atanusa atakuya.” Mlango ulifunguka, wakatoka marubani wawili wa Kirusi wenye kaptula, na baada yao mafuta ya kupikia. Nikarudi nyumbani polepole.

“Bado, Papa.”

“Labda ameshukia Beni.”

Ndipo wiki ya pili nikaenda Beni, uwanja wa Mavivi, kuuliza. Nusu siku nyuma ya lori, vizuizi vinne vya askari, mvua mbili. Kizuizi cha mwisho askari mmoja aliyechanganya Kilingala na Kiswahili aliniuliza naenda kupokea nani. Nilisema kaka. Anatoka wapi? Nilisahau maneno ya kijana wa foni nikasema Kinshasa. Askari aliita wenzake waje wasikie. “Ndege ya Kinshasa! Huyu petit, huyu mutoto, anangojea ndege ya Kinshasa! Ikifika utuite, na sisi tupande, turudi kwa bamama yetu.” Walicheka, kisha mmoja wao akaacha kucheka kabla ya wengine, akaniruhusu nipite.

Pale Mavivi nilimkuta mkuu wa uwanja, mtu mzima aliyetumwa kutoka Equateur enzi za zamani na ambaye hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Kila asubuhi alikuwa bado anavaa shati jeupe lenye vipande vya begani. Mshahara ulikuwa umekatika siku nchi ilipokatika. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi wa ratiba, na juu yake mistari ya zamani, Kisangani, Goma, Kinshasa, ilikuwa bado inasomeka. Hakuwa ameifuta. Alifuta vumbi tu.

Nilimweleza. Nilimtolea hata hesabu yangu, nimeiandika kwenye karatasi ya daftari. Aliisoma yote, akanirudishia.

“Hesabu iko sawa,” alisema. “Mbele ya vita, ndege kubwa ilikuwa inafanya hivyo. Masaa tatu, wakati mingine pungufu. Lakini, mwana wangu, umepima ndege. Haukupima makaratasi.”

Alichukua chaki na, pembeni ya ubao, akanionyesha njia ya kaka yangu kama anayemfundisha mtoto wa darasa la tatu. Kutoka Kinshasa hakuna ndege inayovuka mstari wa vita. Kwa hiyo atapanda ile inayokwenda Nairobi, ikizunguka. Masaa manne au matano hewani. Kabla ya hapo atatafuta ruhusa ya kutoka, na watamwuliza anaenda kwa nani. Nairobi atangoja visa ya Uganda. Entebbe ni saa moja tu hewani. Kampala hadi mpaka wa Kasindi, kwa basi. Kasindi, wenye bunduki watamwuliza kwa nini anatoka kule chini. Hapo ndipo wengi wanakwama. Halafu lori mpaka Beni, halafu lori mpaka Butembo.

“Jumla?” niliuliza.

“Hewani, masaa sita. Chini…” Aliweka chaki. “Mke wangu yuko kule. Mara ya mwisho alinitumia mutu. Alifanya wiki tatu. Na yule alikuwa na bahati.”

Nilihesabu siku tangu jibu la foni. Kumi na moja. Nikatoa kutoka ishirini na moja. Zilibaki kumi, kama bahati ingekuwa ile ile. Baba hakuwa na siku kumi. Hata mimi nisiyejua dawa niliona hilo kila asubuhi nilipomnyanyua.

Njiani kurudi nilipanga maneno. Nitamwambia: Papa, nilikosea, njia ni ndefu, ni kulala ishirini. Angeelewa. Alikuwa dereva. Mtu aliyewahi kulala siku tisa chini ya lori akingoja kipuri asingeshangazwa na kulala ishirini. Angesema, basi iteni mjomba, iteni wadogo, keti wewe hapa karibu na kichwa. Angeyasema kwangu. Desturi yenyewe inaruhusu: kama wa kwanza yuko mbali sana, wa pili anabeba.

Nilifika jioni. Alikuwa ameoshwa, ananuka sabuni.

“Wamesema nini Beni?”

Mama alikuwa anamnywesha uji. Mjomba alikuwa pale pale kwenye gunia. Wote walinitazama, na mimi niliona ile sura ya mjomba ikijiandaa kucheka.

“Yuko karibu, Papa,” nilisema. “Anangoja nafasi kwenye ndege.”

Sikuwa na sababu kubwa. Niliogopa kuchekwa na mjomba wangu.

Siku tatu baadaye kijana wa foni aliniita. Kaka alikuwa Nairobi, anangoja visa. Nilimwomba kijana asimwambie mtu. “Hata papa yako?” aliuliza. Nilisema nitamwambia mwenyewe. Sikumwambia. Kila nilipoahirisha, uongo wa jana ulizidi kuwa mgumu kuuondoa, maana sasa ningelazimika kueleza na huo.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, jua limetoka. Baba aliomba abebwe nje. Mimi na mjomba tulimweka kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba, blanketi kifuani. Alitazama barabara muda mrefu. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba.

“Shemeji,” mjomba alimwambia, na safari hii hakuwa anatania, “sema tu. Batoto wengine bako hapa. Mutoto wa pili yuko hapa.”

Baba aligeuza kichwa, akanitazama mimi, si yeye.

“Kama angekuwa mbali, ningesema leo,” alisema. “Kama angekuwa kulala kumi, ningesema. Lakini ni masaa tatu. Mutu wa masaa tatu, unamungojea. Ukimwacha akute maneno yameisha, utakuwa umemutukana.”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hilo vizuri, ulimi ulikuwa umeinuka. Wakati huo huo ndege ilipita juu, ikishuka kuelekea Rughenda, na baba akanyanyua mkono wake, vidole viwili tu, akisema bila sauti: kimbia uone.

Nikakimbia. Nilishukuru kupata sababu ya kukimbia. Nilikaa pale uwanjani hadi wapakuzi wote walipoondoka, ingawa nilijua vizuri nani hayumo ndani ya ndege ile.

Jumatatu baba hakuamka vizuri. Alitutambua, lakini maneno yalitoka yamevunjika, na Jumanne hayakutoka tena. Mama alimshika mkono akamwuliza kwa Kinande juu ya chemchemi, juu ya jirani, mipaka iko wapi, bonyeza tu mkono wangu. Alibonyeza kwa kila swali, hata kwa maswali yaliyopingana. Jumatano, karibu saa sita mchana, padri akiwa bado amesimama mlangoni na stola shingoni, baba alikata roho.

Tulingoja siku mbili, kisha tukazika. Hata baridi ya Butembo haihifadhi maiti zaidi ya hapo.

Kaka alifika siku ya ishirini na mbili tangu jibu lake la foni. Alifika juu ya lori la chumvi kutoka Kasindi, amejifunga kitambaa puani, viatu vyake vya mjini vimepauka kwa vumbi. Aliruka chini akaona mama amefunga kitambaa cha msiba. Aliketi pale pale barabarani, kati ya magurudumu, na konvoyeri, msaidizi wa dereva, akamwomba kwa adabu asogee, lori linataka kurudi nyuma.

Jioni watu walipopungua alinisimulia njia. Yote yalikuwa kama mkuu wa uwanja alivyochora, isipokuwa pale Kasindi walimweka siku nne katika chumba cha nyuma kwa sababu kitambulisho chake kilikuwa na muhuri wa Kinshasa. “Bwana, nilikuwa naona milima yetu dirishani,” alisema. “Siku ine naiangalia tu.” Alijaribu kucheka. Kisha akauliza lile lililomleta.

“Papa alisema nini?”

“Hakusema.”

“Namna gani, hakusema? Hata kwako?”

“Alikuwa anakungojea. Nilimwambia uko masaa matatu.”

Nilimweleza yote: rula, Mavivi, foni, Jumapili ile. Sikuficha hata gunia la mjomba. Kaka alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza makosa ya hesabu. Nilitamani anipige, katika familia yetu wa kwanza ana haki hiyo. Hakunipiga. Alisema tu, “Mimi ningekuambia umwambie ukweli,” akaenda kulala kwa mama.

Juma lililofuata tulipanda kilimani, kaka, mjomba, mimi, na wazee wawili wa kijiji. Jirani alikuwa anatungoja, amevaa koti. Alitupokea vizuri, mkewe akatuletea viazi na kasiksi, pombe ya ndizi. Kisha mwenyewe akasimama, akapita chemchemi, akapanda mwendo wa hatua mia moja hivi, akaonyesha mstari wa vichaka vichanga, chemchemi ikibaki upande wake.

“Baba yenu alinipa mpaka hapa,” alisema. “Tulipatana sisi wawili, mwaka ule lori lake lilianguka na mimi nikamulishia watoto. Alisema atawaambia.”

Wazee walitutazama. Inawezekana ilikuwa kweli. Nakumbuka mwaka ule wa ajali. Tulikula kwa mtu, na sikuwahi kujua ni kwa nani. Inawezekana pia vichaka vile vilipandwa siku tuliyozika. Mjomba alinivuta kando, pumzi yake sikioni: “Sema Papa alikuambia. Sema alikuambia mpaka ni kwenye maji. Wewe ulikuwa naye, nani atabisha?”

Kaka naye alinitazama. Hakuniomba chochote, lakini alingoja. Wote walingoja, hata jirani, na nadhani neno moja langu lingetosha.

Nilisema, “Hakuniambia kitu.”

Basi kaka, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alivua kofia, akamwambia jirani kwamba kama baba alisema, imesemwa. Alimpa mkono. “Wasingya,” alisema, yaani asante kwa Kinande, na jirani akaitikia, na mkewe akaja na ndoo kuchota maji kwenye chemchemi, akatuomba tumpishe njia.